Maji Yalikuwa Yamekupwa

Wewe uliye jikoni, sufuria iko motoni na redio iko dirishani, karibu. Punguza moto kidogo, tuzungumze.

Jioni hii nataka tuzungumze kuhusu kumaliza. Habari za kuanza tumezisikia sana. Mtu akianza ujenzi tunampongeza, akianza biashara tunamwombea dua, akianza safari tunamfungia chakula cha njiani. Lakini kumaliza, ndugu msikilizaji, ni nani aliyekaa na wewe akakufundisha?

Nina mfano wa nyumbani kwangu. Likizo ya Juni iliyopita, mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka 16 na mdogo wake wa miaka 11 tuliendesha baiskeli kutoka Mwanza hadi Bagamoyo. Tulitoka Ziwa Victoria tukaenda mpaka Bahari ya Hindi. Ni zaidi ya kilometa 1,100, nasi tulizimaliza kwa siku 27, siku za mapumziko zikiwemo. Wanangu wamezaliwa Mwanza, maji makubwa waliyoyajua ni ya ziwa. Siku moja mdogo aliuliza mezani kama ni kweli bahari ina chumvi, au ni maneno ya vitabuni tu. Swali hilo ndilo lililotutoa nyumbani.

Tangu turudi, watu wananiuliza: mliwezaje? Mlilala wapi? Malori hayakuwatisha? Nitayajibu kidogo, kwa sababu ni maswali ya haki. Lakini hakuna aliyeniuliza: mlimalizaje? Na mimi naona hapo ndipo tulipokaribia kuharibu kila kitu.

Kwanza nikutajie njia, ili twende pamoja. Ukitoka Mwanza unapita Misungwi, Shinyanga, Nzega, Igunga, unapanda mlima Sekenke, unafika Singida, Manyoni, Dodoma, Gairo, Morogoro, Chalinze. Hapo wengi hunyoosha kwenda Dar es Salaam. Sisi tulikata kushoto hadi Msata, tukashika barabara ya Bagamoyo.

Kanuni yetu ya barabarani ilikuwa moja, na nitairudia mara kadhaa jioni hii, naomba unisamehe: aliye nyuma ndiye anayepanga mwendo. Mwenye nguvu asipange, wala mwenye saa mkononi, wala baba, wala mama. Aliye nyuma akichoka, wote tumechoka. Akisimama kunywa maji, wote tuna kiu. Na kwetu sisi, aliye nyuma siku zote alikuwa yule wa miaka 11.

Siku za mwanzo kanuni hiyo ilikuwa rahisi kuitii. Usukumani ardhi ni tambarare kwa sehemu kubwa, na watu wa kule ni watu wa baiskeli. Baiskeli ni mguu wa nyumba. Inabeba madumu ya maji, inabeba magunia ya mkaa, inampeleka mgonjwa zahanati, na pale Shinyanga inabeba abiria kwa nauli. Kule hakuna aliyetushangaa kwa kupanda baiskeli. Walichoshangaa ni kwamba tunakwenda mbali namna ile na hatuna mzigo wa kuuza. “Mwangaluka,” wanatusalimu asubuhi, na kabla hujamaliza kuitikia umeshashikishwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Mwanangu aliijaza mfukoni akawa anaitafuna njia nzima. Nasema hili kwa moyo wangu wote: ni huku mijini tu ndiko tulikojifundisha kwamba baiskeli ni chombo cha asiye na uwezo. Ukiwaona wanaume na wanawake wa Shinyanga wakitoka mnadani jioni, mmoja baada ya mwingine, mizigo imefungwa vizuri kwenye keria, unaona aibu kwamba uliwahi kufikiri hivyo.

Igunga gurudumu la nyuma la baba watoto lilianza kuyumba. Spoku mbili zilikuwa zimekatika. Tukampata fundi chini ya mti, mzee mwenye bisibisi moja, koleo na kopo la gololi. Alipindua baiskeli, akalizungusha gurudumu, akawa anatazama ile nafasi kati ya rimu na breki. Halafu akamwita binti yangu, maana alimwona anaangalia sana. Akamwambia, mjukuu wangu, rimu ikivutwa kushoto, wewe kaza spoku za kulia, kidogo kidogo, robo mzunguko, kisha zungusha uangalie tena. Ukikaza kwa pupa utaipinda zaidi. Kuanzia siku ile binti yangu ndiye aliyekuwa fundi wetu. Pancha, cheni kulegea, breki kung’ata, vyote aliitwa yeye.

Sasa, kuna watu wanadhani kutoka ziwani hadi baharini ni mteremko mtupu, kwa kuwa ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Ingekuwa hivyo ningefurahi. Ukivuka mbuga ya Wembere na kupita Shelui, Sekenke inasimama mbele yako. Malori yanapanda kwa gia ndogo yakinguruma, nasi tulishuka tukakokota baiskeli kwa miguu. Kila kona tulisimama mpaka mdogo afike, tukahesabu pumzi kumi, tukaendelea. Tulitumia asubuhi nzima, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu mlimani kila mtu anajua kwamba lazima kusubiriana.

Baada ya mlima tukakutana na upepo. Mwezi Juni ni wakati wa kusi, na mtu anayetoka Mwanza kuelekea pwani anaupokea usoni. Singida na Dodoma, ndugu msikilizaji, upepo ule hauna mapumziko ya mchana. Tulichofanya ni hiki: mtu mzima mmoja anatangulia kukata upepo, mtoto anamfuata karibu sana nyuma yake, dada yake anafuata, na mtu mzima mwingine anafunga msafara. Kila nusu saa mimi na baba watoto tunabadilishana. Mtoto akikaa vizuri katika kivuli kile cha upepo anaweza kwenda siku nzima. Akiachwa nyuma kidogo tu, kama urefu wa baiskeli tatu, anaanza kupigana na upepo peke yake, na hapo anakwisha upesi.

Na usalama? Nitasema kwa kifupi kwa sababu ni jambo zito. Barabara ile ndiyo inayopitisha malori kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Hatukuendesha usiku hata siku moja. Tulianza kunapopambazuka, saa nane mchana tuko mahali pa kulala. Vizibao vya kung’aa tulivivaa hata jua likiwaka. Tulikaa nje ya mstari mweupe, na palipokosekana nafasi tulishuka tukasimama kwenye majani mpaka lori lipite. Nawasihi wanaojenga na kupanua barabara zetu: kuna mtu mwenye gunia la mkaa anapita pale kila siku ya Mungu, si likizo tu kama sisi. Apewe njia yake pembeni, pana ya kutosha.

Manyoni tulilala siku mbili. Karibu na pale, upande wa Kilimatinde, ndipo ilipopita njia ya zamani ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora kwenda pwani. Nitairudia njia hiyo baadaye, niwekee hapo. Kutoka Manyoni barabara inateremka kuingia Bonde la Ufa hadi Kintinku, na pale binti yangu aliruka kama mshale. Tulimkuta chini, ameketi kwenye jiwe, anang’aa kwa furaha. Lakini alikuwa amekaa peke yake muda mrefu, na alikiri usiku ule kwamba furaha yenyewe ilimwishia kabla sisi hatujafika. Basi tukaiongezea kanuni maneno mawili: hata mteremkoni. Aliye nyuma ndiye anayepanga mwendo, hata mteremkoni.

Dodoma wakatusalimu “mbukwenyi”, wakatulisha ugali kwa mlenda. Kibaigwa tulipita katikati ya magunia ya mahindi. Gairo tulitetemeka kwa baridi. Sitakaa hapo.

Sasa nisikilize hapa. Tulipofika Morogoro, tukaiona milima ya Uluguru imejifunika mawingu, tulikuwa tumebakiza kama kilometa 180. Na kitu kikatuingia sisi watu wazima. Unakijua kitu hicho? Ni kile kinachomfanya mtu aliyejenga nyumba miaka saba apake rangi kwa siku mbili ili ahamie. Mkulima anakuwa nacho pia, akivuna haraka haraka kwa sababu gulio ni kesho. Mimi nilikuwa nahesabu siku za likizo yangu ya kazini. Baba watoto alikuwa anahesabu pesa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Tukaambiana, wenyewe kwa wenyewe, usiku, watoto wamelala: kesho tuende moja kwa moja hadi Chalinze. Hadi siku ile tulikuwa tunaendesha kama kilometa 50 kwa siku. Morogoro hadi Chalinze ni zaidi ya 80.

Aliye nyuma hatukumwuliza.

Tulianza vizuri. Tukapita Mikese. Jua likawa kali, malori yakawa mengi, na mimi niliyekuwa mbele nikawa naangalia mbele tu. Sikugeuka. Baba watoto, aliyepaswa kufunga msafara, alikuwa amesogea mbele kunisaidia kukata upepo. Tulipokuja kugeuka, nyuma yetu alikuwepo binti yetu, na nyuma ya binti yetu hakuna mtu.

Wasikilizaji wapendwa, sijui kama naweza kukueleza dakika zile. Tulirudi kama kilometa mbili. Tukamkuta kando ya barabara, baiskeli imelazwa kwenye majani, ameketi kivulini, mzima kabisa. Hakuwa ameanguka wala hakuwa analia. Alinitazama akauliza: “Mama, mnakimbilia wapi?”

Sikuwa na jibu. Baba watoto alishuka, akaketi chini kando yake, akamwomba radhi. Baba akamwomba mwanawe radhi, kando ya barabara kuu, magari yakipita. Nami nikafuata. Siku ile hatukufika Chalinze. Tulilala Ubena Zomozi, gesti ya barabarani, vyumba viwili, na usiku tukaupanga upya mwisho wetu, safari hii watoto wakiwa macho. Ile siku moja tuliyotaka kuiokoa tukairudisha. Usiku mmoja zaidi wa gesti na sahani nne za wali maharage, tulikubaliana, ni gharama ambayo tunaweza kuibeba.

Naomba nilirudie hili, kwa sababu ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti hiki. Mlimani tulisubiriana. Kwenye upepo tulisubiriana. Tulipouona mwisho kwa mbali, ndipo tulipoacha kusubiriana. Je, wewe umewahi kuliona hilo nyumbani kwako? Mgonjwa aliyeuguzwa kwa uvumilivu mwaka mzima, halafu wiki anayopata nafuu kila mtu anamtaka asimame atembee? Mtoto aliyelelewa kwa upole hadi darasa la saba, halafu mwezi wa mtihani nyumba nzima inamfokea?

Wenzetu wa nchi nyingine nao hufanya safari hizi. Marekani kuna njia ya baiskeli iliyofunguliwa mwaka 1976, wakati taifa lile linatimiza miaka 200, inayoanzia pwani ya Pasifiki katika jimbo la Oregon na kuishia Virginia, upande wa Atlantiki. Wanaoivuka nchi ile wana desturi ya kuchovya tairi la nyuma katika bahari ya kuanzia, na tairi la mbele katika bahari ya kumalizia. Kuna pia familia moja ya huko, baba na mama walimu, wana wao mapacha, iliyoendesha kutoka kaskazini kabisa mwa Alaska mwaka 2008, ikafika Ushuaia, kusini mwa Argentina, mwezi Machi 2011. Zaidi ya kilometa 27,000. Wale watoto walianza wakiwa na miaka 10, wakamaliza wakiwa na 13. Mimi nikisoma habari zao, mawazo yangu hayaendi kwenye kilometa. Yanaenda kwenye meza ya chakula ya familia ile wiki waliyorudi nyumbani. Watu waliosafiri pamoja karibu miaka mitatu, sasa kila mmoja ana chumba na mlango wake.

Kwetu ilikuwa siku 27 tu, lakini tuliionja hali hiyo. Tulirudi kwa basi, baiskeli zimefungwa kwenye buti, magurudumu ya mbele yamefunguliwa. Basi liliondoka Dar es Salaam alfajiri, usiku tukawa Mwanza. Mdogo alikaa dirishani. Kila tulipopita mahali tulipolala alipataja: pale mama aliunguza uji, pale mbwa alinilamba, pale fundi. Alitaja hivyo mpaka usingizi ukamchukua, nadhani karibu na Nzega. Na nyumbani, majuma mawili ya kwanza, miguu ilikuwa inaamka saa kumi na moja alfajiri yenyewe. Njaa ya barabarani haikutuacha upesi, sufuria ya ugali ilikuwa inakwisha kama tuna wageni. Lakini kila mtu alikuwa anakula saa yake. Binti anakwenda tuisheni, baba ana zamu, mimi niko hapa studio. Siku moja mdogo alisimama mlangoni akauliza, “Sasa nani yuko nyuma?” Tangu siku ile chakula cha usiku kwetu hakipakuliwi mpaka wa mwisho aingie. Awe amechelewa kwa foleni, awe amechelewa kwa uzembe, tunamsubiri. Kwa jirani ni jambo dogo sana. Kwetu sisi ni Sekenke.

Bahari nimeiacha makusudi. Naijia sasa.

Kutoka Msata tulipita Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi, tukalala Makurunge. Asubuhi ya mwisho mdogo ndiye aliyeongoza, na sisi wote tukaendesha kwa mwendo wake, polepole sana, hata wanafunzi waendao kwa miguu walikuwa wanatusalimu mara mbili. Tukaingia Bagamoyo saa nne asubuhi, tukapita kati ya zile nyumba kuukuu za mawe na milango ya nakshi, tukateremka hadi ufukweni.

Na bahari haikuwepo.

Nyie wa pwani mnanielewa. Sisi wa ziwani hatukufikiria. Ziwa Victoria ukiliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. Pale Bagamoyo maji yalikuwa yamekupwa, tena ilikuwa siku za bamvua, maji yamerudi mbali mno. Mbele yetu ulikuwepo mchanga wenye matope, mashua zimelala ubavu, kina mama wanainama kutafuta chaza, na huko mbali mstari mwembamba wa buluu. Mwanangu alisimama, mikono kwenye usukani, akanigeukia, na uso wake siwezi kuusahau.

Wiki moja kabla ningesema: haya, twende tukokote mpaka kule, tupige picha, tuwahi basi. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu alituangalia, akatuuliza tumetoka wapi, tukamwambia. Akasema, “Basi kaeni. Yatakuja yenyewe. Saa kumi yatakuwa hapa mlipo.”

Tukakaa. Saa sita nzima tulikaa ufukweni, tumeegemea baiskeli. Tulinunua samaki wa kukaanga sokoni. Tulilala kivulini kwa zamu. Na pale ndipo nilipowasimulia watoto habari ya ile njia ya Kilimatinde niliyokuomba uniwekee. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea hadi hapa kwa miguu, mizigo ya pembe begani, na wengi wao walisafiri na wake zao na watoto wao. Kwa hiyo sisi hatukuwa familia ya kwanza kutoka bara na kuufikia ufukwe ule kwa nguvu ya miguu, wala ya elfu moja. Niliwaambia pia kwamba njia hiyohiyo ilileta watu waliofungwa minyororo, na kwamba huenda pale tulipoketi mama alitenganishwa na mwanawe, wasionane tena. Binti yangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akahama alipokuwa ameketi, akaja kukaa karibu na mdogo wake.

Maji yakaanza kurudi. Kwanza yalijaza vishimo vya kaa, halafu nyayo zetu, halafu mashua zikaanza kutikisika moja moja na kusimama wima. Sisi tulipanga baiskeli zetu nne mstari mmoja, tairi za mbele zikitazama baharini, hatukuzisogeza hata hatua moja. Maji yalikuja taratibu, yakarudi, yakaja tena. Tairi la kwanza kuguswa lilikuwa la mdogo, maana lake ndilo lililokuwa chini zaidi kwenye mteremko wa mchanga. Akachota kwa kiganja, akaonja, akakunja uso.

“Ni kweli, mama,” akasema.

Dada yake alikuwa tayari anatafuta maji baridi ya kuoshea cheni kabla chumvi haijaila.

Wasikilizaji wapendwa, muda wangu umekwisha. Kama kuna mtu bado hajarudi nyumbani kwako usiku huu, mwachie mlango. Tukutane juma lijalo, saa hizi hizi. Usiku mwema.